Dar hadi Mbeya Bila Kusinzia

Ukipanga kwenda Mbeya kwa gari kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 830, amua kwanza utalala wapi. Matairi, breki na oili huwa tunavikagua. Usingizi wa dereva haukagui mtu, na ndiyo maana kila Desemba magari yanayokwenda Nyanda za Juu Kusini yanajaa chupa za enaji, mirungi iliyofichwa chini ya kiti, na siku hizi makopo ya unga wa jimu.

Ushauri wangu ni kulala Iringa. Sababu ni kwamba mwili una nyakati zake mbili za kulegea: kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri. Wanaotoka Dar saa 6 usiku ili wakwepe foleni huifikia Mikumi katika saa mbaya kuliko zote, gizani, mahali ambapo twiga au nyati anaweza kukatiza mbele ya taa. Ondoka saa 11 alfajiri, ukiwa umepanda kitandani saa 3 usiku, na usiku uliotangulia pia uwe umelala vizuri. Chai unywe Morogoro, hifadhi ya Mikumi uipite asubuhi kwa mwendo ulioandikwa kwenye vibao, na mchana ule Ruaha Mbuyuni. Kula kiasi tu, kwa sababu sahani kubwa ya wali saa hiyo inauongezea nguvu usingizi ambao tayari uko njiani. Mlima Kitonga uupande ukiwa na macho mapya, kwa gia ndogo, nyuma ya lori ikibidi. Kona zile hazimsubiri anayetaka kupita. Ukifika Ipogolo, pale Iringa, alasiri, zima gari. Kesho yake zinabaki kilomita zipatazo 330, na utazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sasa tuje kwenye vya kuamsha, maana hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanapojidanganya.

Mdogo wangu ni mtu wa vyuma. Safari moja tuliposimama Chalinze alitoa kopo lake, akachota kijiko cha unga mwekundu, akatikisa na maji kwenye chupa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo si ya jimu?" Akajibu, "Kaka, hii inaamsha kuliko kahawa." Nikaligeuza kopo tukasoma nyuma: miligramu 300 za kafeini kwa kijiko kimoja. Na kwenye mlango wa gari alikuwa ameweka chupa kubwa ya enaji ya kunywa baada ya Morogoro.

Hesabu ni rahisi, na kila dereva aijue. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na asizidishe kama 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asivuke 200 kwa siku nzima. Mwenye presha au moyo unaosumbua amuulize daktari kabla ya safari. Enaji nyingi zina miligramu 32 katika kila mililita 100, kwa hiyo kopo la mililita 250 lina 80 na chupa ya nusu lita ina 160. Kikombe cha kahawa kina kati ya 60 na 100 kutegemea ukali wake. Kijiko kimoja cha unga wa kabla ya mazoezi huwa na 150 hadi 300, na kopo lisiloandika kiasi hicho usilipeleke barabarani kabisa. Mdogo wangu, kwa kijiko na chupa ile, angekuwa amefika 460 kabla hatujaona pundamilia.

Unga huo una jambo jingine. Mara nyingi huchanganywa na beta-alanini, inayofanya uso na vidole viwashe na kuchonyota kwa muda. Ukiwa jimu, hilo halina shida. Kwenye usukani, katikati ya malori, linakutoa mawazo. Vidonge vya kupunguza mafuta navyo huwa na kafeini ndani yake, hivyo vihesabu. Unga wa protini na kriatini havikuamshi wala havikulazi, chukua kama ulivyozoea.

Kafeini haiondoi uchovu; inakuzuia usiusikie. Nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Ukinywa miligramu 200 saa 10 jioni, saa 3 usiku bado unazo kama 100, na usingizi wa Iringa unaharibika, kisha kesho unaanza safari ukiwa na deni. Kwa hiyo kahawa ya mwisho iwe saa 6 mchana.

Mirungi nimeona watu wakiila njiani na sitaipamba. Anayekula anakaa macho, anaongea sana, anajiamini, anapita magari pasipopitika. Ikiisha nguvu anaporomoka ghafla, na wengine hutafuta bia au kidonge cha kuwashusha ili walale. Kenya ni zao halali. Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, na ukivuka nayo Namanga unajitafutia kesi.

Angalia pia vitu vinavyolaza. Piriton ya mafua na baadhi ya vidonge vya kichefuchefu cha gari vinasinzisha, apewe abiria. Na bia za kuagana: chupa ya nusu lita humchukua mtu saa 2 hadi 3 kuiondoa mwilini, wala kahawa haiharakishi. Aliyekunywa chupa tano kuanzia saa 2 usiku, saa 11 alfajiri bado ana pombe damuni.

Ukijikuta hukumbuki matuta uliyoyapita, au gari linaanza kugusa mstari, usiongeze muziki wala kufungua dirisha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kufumba macho sekunde 4 ni kwenda karibu mita 90 bila dereva. Ingia kituo cha mafuta, si pembeni mwa lami. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa haraka, weka kengele ya dakika 20, egemeza kiti ulale. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo unaamka wakati inaanza. Kaa dakika chache akili ikae sawa ndipo uwashe gari. Usingizi ukirudi, hapo ulipo ndipo pa kulala usiku, hata kama ni Ilula na shangazi anakusubiri na chakula mezani.

Mkiwa madereva wawili, badilishaneni kila baada ya saa 2, na anayepumzika alale kweli badala ya kuchezea simu. Na kabla hamjatoka nyumbani kubalianeni kwamba yeyote ndani ya gari, hata mtoto wa darasa la tatu, akisema "baba, unasinzia," gari linasimama kituo kinachofuata bila ubishi.