Uji Mchachu wa Wimbi: Jinsi ya Kuutengeneza Nyumbani

Tangu zamani, kabla ya chai na mkate kuenea vijijini, watu wengi wa Kenya walikunywa uji wa nafaka iliyochachushwa. Wakikuyu huuita uji ucuru, na Wajaluo huuita nyuka. Kila kabila lina desturi yake ya kuutayarisha. Mkulima aliunywa kabla ya kwenda shambani, mgonjwa alipewa ili arudishe nguvu, na mtoto alizoezwa kuunywa alipoanza kula.

Siku hizi wako wazazi wanaouona uji huo kuwa chakula cha wazee tu, nao humpa mtoto chai ya rangi na kipande cha mkate. Jambo hilo lina hasara. Chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na mtoto akosaye madini hayo hupungukiwa damu, hulegea, wala hawezi kujifunza vizuri shuleni.

Faida zake

Wimbi ni nafaka ndogo, lakini ina madini mengi ya chokaa, ambayo hujenga mifupa na meno. Gramu 100 za wimbi zina miligramu 300 au zaidi za madini hayo, na mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Hata hivyo, ndani ya nafaka mna kitu kinachoyashika madini ya chuma na kuuzuia mwili usiyapate yote. Unga unapochachuka, kitu hicho hupungua. Tena vijidudu vyema vinavyouchachusha unga hutoa asidi, na asidi hiyo huzuia vijidudu vingi viletavyo maradhi ya kuhara visiongezeke. Uji huu si pombe. Uchachu wake ni kama ule wa maziwa ya mgando.

Kuchagua nafaka

Hapa pana hatari ambayo kila mpishi apaswa kuijua. Nafaka iliyoota kuvu ina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchachusha wala kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mahindi hayo yalikuwa yamewekwa ghalani kabla ya kukauka sawasawa.

Kwa hiyo wimbi lianikwe juani mpaka likauke kabisa, juu ya mkeka au turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Kisha lipepetwe na kuondolewa mawe na takataka. Nafaka yenye harufu ya uvundo au iliyogeuka rangi itupwe, hata kama ni nyingi. Wala wasipewe kuku au ng'ombe, kwa maana sumu hiyo huwadhuru wao pia.

Vitu vinavyohitajiwa

Unga wa wimbi vikombe 2. Maji vikombe 8. Na chachu nusu kikombe, yaani unga uliochachuka wa safari iliyopita, ambao haujapikwa. Chombo kiwe chungu, kibuyu au ndoo yenye kifuniko, kilichooshwa kwa maji ya moto.

Kazi yenyewe

1. Mpishi anawe mikono kwa sabuni. Maji vikombe 3 yachemshwe, kisha yaachwe mpaka yawe vuguvugu. Maji ya moto huiua chachu.

2. Unga ukorogwe katika maji hayo mpaka usiwe na madonge, ndipo chachu itiwe na kuchanganywa.

3. Chombo kifunikwe na kuwekwa mahali penye joto kidogo, mbali na jua, kwa muda wa siku 1 au 2. Penye baridi, kama nyanda za juu, huenda siku zikazidi. Asiyekuwa na chachu huweza kuuacha unga uchachuke wenyewe kwa siku 2 au 3.

4. Unga ukiwa tayari hutoa mapovu madogo na harufu nzuri ya uchachu. Ukiota kuvu au ukinuka vibaya, umwagwe wote.

5. Nusu kikombe kitolewe na kuwekwa akiba, kiwe chachu ya mara ijayo.

6. Maji vikombe 5 yaliyosalia yachemshwe katika sufuria. Unga uchujwe kwa chekeche, kisha umiminwe polepole huku mpishi akikoroga kwa mwiko bila kuacha. Uji uchemke kwa moto mdogo dakika 15.

Kuwapa watoto

Mtoto asiyetimiza miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama tu. Akiisha kuitimiza apewe uji pamoja na maziwa ya mama, nao uwe mzito kiasi cha kushika kijiko. Uji mwepesi kama maji hulijaza tumbo lake dogo bila kumlisha. Ukiongezewa maziwa au karanga zilizosagwa laini hufaa zaidi. Karanga nazo zichaguliwe kwa uangalifu, kwani huota kuvu ile ile.

Uchachu hauwezi kufanya kazi ya usafi. Kikombe kichafu hurudisha vijidudu katika uji uliochemshwa vizuri. Uji uliopikwa ufunikwe, unywewe siku ile ile, na chupa ya mtoto iepukwe kwa sababu ni vigumu kuisafisha. Kikombe na kijiko ni bora.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini nafaka yenye kuvu haifai, hata ikichemshwa?
2. Chachu hutiwa maji yakiwa na joto gani, na kwa nini?
3. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi gani?