Nyanya au Mrenda kwa Bustani ya Kwanza?

*Mshauri, niliolewa hapa Mukumu mwaka jana na sijawahi kushika jembe. Mume wangu amenipa kipande nyuma ya jikoni na anataka chote nipande nyanya na pilipili hoho za kuuza. Mama mkwe anasema nianze na mrenda na kunde. Nimsikilize nani? – Mke Mgeni, Mukumu*

Dada, msikilize mama mkwe, na si kwa sababu ya umri wake. Mukumu iko Kakamega, iliyo kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Kenya, na mvua hiyo inayostawisha chai na miwa ndiyo adui wa nyanya. Majani yakilala na maji usiku wa baridi, ugonjwa wa bakajani huingia, na shamba lililokuwa kijani Jumapili huweza kuwa limeungua kabla ya wiki kwisha. Mkulima mzoefu hupambana nao kwa kupogoa, kusimika vijiti na kupiga dawa ya ukungu mara kwa mara. Anayeanza hata doa la kwanza halijui, na akishalitambua amechelewa. Kunde, kwa upande wake, huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, na mrenda haukawii sana. Ukikosea unajua mapema, unapanda tena msimu huohuo wala hujapoteza pesa ya maana. Kwa mwanafunzi wa kilimo, hiyo kasi ya kujaribu upya ina thamani zaidi kuliko bei ya kreti ya nyanya.

Mumeo atasema mboga za kienyeji hazina soko. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani zilidharauliwa kama chakula cha maskini. Lakini Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye ni mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, ametumia miaka mingi kuonyesha ubora wa lishe ya mboga hizi, na leo managu, saga na mrenda huuzwa hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Tena pesa isiyotoka mfukoni kila jioni kununua mboga ni mapato pia, ingawa hakuna anayeihesabu. Kuhusu uchungu wa saga na managu, jikoni za huku zina jibu tangu kale: maziwa, na kulaza mboga usiku mmoja kabla ya kuliwa.

Basi lima tuta moja tu kwanza, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Udongo wa sehemu nyingi za huku una asidi na umechoka kwa mahindi ya miaka mingi, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza miche. Panda kunde na mitoo, ambazo huongeza naitrojeni ardhini, kisha mrenda. Mbegu za mrenda zina ganda gumu: zifunge kwenye kitambaa, zichovye sekunde chache katika maji ya moto sana, zikauke, uzichanganye na mchanga ndipo umwage kwenye mifereji ya kina kifupi. Wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu mbegu. Saga nayo haioti vyema ikiwa mbegu imevunwa juzi. Omba iliyokaa miezi kadhaa. Na kabla ya yote hayo weka ua, maana kuku wawili wataharibu kazi ya wiki kwa asubuhi moja.

Usimkatalie mumeo moja kwa moja. Mwambie miche kumi ya nyanya itapandwa pembeni, chini ya paa la nailoni lisiloruhusu mvua kugusa majani, na mwagilia shinani tu. Ikifika Januari, jua likiwa kali na mboga adimu sokoni Khayega, mwekee hesabu mezani: tuta limetoa nini, na nyanya zimetoa nini. Kipande kilichobaki mtakigawa kwa hesabu hiyo.