SOMO LETU: HERUFI NENE

Hapa Makutupora tunalima zabibu, na zabibu hupigwa dawa. Tazama kopo la dawa. Mara nyingi neno SUMU huandikwa kwa herufi nene zilizobanana. Unene huonekana kwa mbali. Kubanana hufanya neno kubwa lienee mahali padogo.

Mwaka 1965 Mwingereza Geoffrey Lee alichora herufi za namna hiyo, zikaitwa Impact. Zafaa vichwa vya habari na mabango. Maelezo marefu hayafai, macho yatachoka.

Basi, herufi nene zikikuonya, usiishie hapo. Soma na zile ndogo: kipimo cha dawa, na siku za kungoja kabla ya kuchuma.

Zoezi: Andika HATARI kwa herufi nene. Rudi nyuma hatua 20. Je, linasomeka?