Kunakili kutoka Ubaoni: Njia ya Kufundishia Kumbukumbu ya Kompyuta

Mwalimu mwanafunzi anayepewa mada ya mfumo endeshi katika somo la kompyuta hupata taabu, maana hakuna kitu cha kumshikisha mtoto mkononi. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza ubao istilahi. Wanachuo wakazinakili kwa utiifu, wala hapana aliyeuliza swali. Baadaye nilitambua kwamba zana niliyoihitaji ilikuwa kule kunakili kwenyewe.

Andika ubaoni tarakimu 34. Mtoto wa kwanza azinakili moja moja, akiinua macho kila mara. Wa pili azichukue nne nne. Huyu atamtangulia mwenzake, lakini mwishoni zitambakia mbili, na kwa hizo itampasa awe na kanuni ya pekee. Darasa lipime kwa saa. Hapo watoto wataona jinsi kompyuta inavyonakili kumbukumbu, na kwa nini njia ya haraka huwa na maelezo marefu kuliko ile ya polepole.

Sasa eleza habari ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini chake, yaani ile sehemu inayogawa kumbukumbu na kusimamia programu zote, kimeandikwa zaidi kwa lugha ya C. Kazi ya kunakili haiishi humo. Kwa hiyo mafundi waliandika baadhi ya taratibu zake kwa mkono, amri kwa amri, kwa kufuata tabia za prosesa. Mmojawapo ulitungwa kwa prosesa zenye amri za 3DNow!, ambazo kampuni ya AMD ilizileta na prosesa ya K6-2 mwaka 1998. Mwaka 2010 AMD ilitangaza kwamba prosesa zake zijazo zingeziacha amri hizo. Utaratibu ule ukabaki ndani ya kiini miaka mingine zaidi ya kumi.

Mwanachuo mmoja aliniuliza: "Mkufunzi, ukiwa upo tu haumdhuru mtu, uondolewe kwa nini?" Swali zuri. Ndani yake mlikuwa na amri ya kuleta data mapema. Prosesa ikiikataa, utaratibu ulijaribu kuyaandika upya maelekezo yake wenyewe ili uiruke amri hiyo. Lakini baadaye, kwa ajili ya usalama, maelekezo ya kiini yalifungwa yasibadilishwe ovyo kikiwa kazini. Kinga ile ikawa haifai tena. Na kosa ndani ya kiini laweza kuisimamisha kompyuta nzima. Watunzaji wa Linux hawakuutengeneza. Mwishoni mwa 2021 waliamua kuufuta, na toleo la 5.17 la Machi 2022 likatoka bila huo. Kompyuta kuukuu ziliachiwa utaratibu wa kawaida.

Rudi darasani. Mtoto wa tatu mpe simu yako aupige ubao picha. Ndivyo zilivyo prosesa za Intel tangu Ivy Bridge ya mwaka 2012: zina amri moja inayonakili fungu zima kwa kasi. Watoto watacheka, na yule wa nne nne atanung'unika. Mwache anung'unike.

Jihadhari tu usiwafundishe kwamba kila cha kale hufutwa. Hadi leo Linux ina taratibu za kunakili zilizoandikwa kwa mkono.

Zoezi: ubaoni ziwepo tarakimu tatu tu. Je, kanuni ya nne nne yafaa? Simu je? Wapime kwa saa kabla ya kujibu.