Ufadhili wa Masomo Nje ya Nchi: Kiasi Kinachobaki kwa Familia

Mzazi anayelipia masomo ya mwanawe ni mlaji, sawa na anayenunua bati au bima. Anacholipia, hata hivyo, hakikaguliwi dukani. Hukijua ubora wake baada ya miaka mitatu au minne, wakati fedha zimekwisha kutumika na umri wa kijana umesonga. Ndiyo sababu neno "ufadhili", linapotokea kwenye tangazo, linapaswa kusomwa kwa utulivu mkubwa kuliko neno "punguzo" kwenye dirisha la duka.

Familia yenye wasomi wa vyuo vikuu huwa na mtu wa kumwuliza: mjomba aliyesoma ng'ambo, au shangazi anayejua barua ya udahili inavyoandikwa. Familia inayompeleka mtoto wa kwanza chuo kikuu haina mtu huyo. Upungufu wake si wa akili wala wa bidii. Ni wa msamiati. Pengo hilo mara nyingi hujazwa na wakala. Wapo mawakala waaminifu, lakini mzazi afahamu kwamba kwa kawaida wakala hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Ushauri wake basi ni ushauri wa muuzaji, hata anapoutoa kwa upole na bila malipo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa wakulima wa korosho wilayani Tandahimba amemaliza kidato cha sita na kupata barua ya chuo cha nje yenye maneno "ufadhili wa asilimia 50". Nyumbani kuna shangwe, na shamba limeanza kutafutiwa mnunuzi. Ada ya chuo hicho ni dola 9,000 kwa mwaka. Nusu yake, dola 4,500, imesamehewa. Chumba na chakula ni dola 450 kwa mwezi, yaani dola 5,400 kwa mwaka. Bima ya afya ni dola 600. Jumla inayobaki kwa familia ni dola 10,500 kila mwaka, na kwa miaka minne ni dola 42,000, kabla ya nauli na viza. Kiasi hicho cha mwaka ni kikubwa kuliko ada nzima iliyotajwa kwenye tangazo. Chuo hakikusema uongo popote: kilipunguza ada, nacho kikaliita punguzo hilo ufadhili.

Swali la kwanza, kwa hiyo, lisiwe "ufadhili ni asilimia ngapi?" bali "ni asilimia ngapi ya nini?" Gharama za mwanafunzi wa ng'ambo ni ada, malazi, chakula, bima, vitabu, nauli na viza. Kila moja iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la atakayeilipa. Penye nafasi tupu, mlipaji ni familia.

Hata programu za serikali za kigeni, zinazoaminika kabisa, hutofautiana sana katika jambo hili. Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, hulipa ada, posho ya kujikimu na nauli ya kwenda na kurudi kwa mwaka mmoja wa shahada ya uzamili. Stipendium Hungaricum ya Hungaria, inayopokea wanafunzi wa mataifa yenye mkataba na nchi hiyo, husamehe ada yote na kutoa nafasi ya bweni au mchango wa kodi. Lakini posho yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili imekuwa forinti 43,700 kwa mwezi, na waendeshaji wenyewe husema kwamba ni mchango tu katika gharama za maisha. Ujerumani nayo vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada. Hata hivyo, tangu Septemba 2024, mwombaji wa viza asiye na mfadhili hutakiwa kwa kawaida kuonyesha yuro 11,904 katika akaunti maalumu, kwa ajili ya kujikimu mwaka wa kwanza. Elimu isiyo na ada inaweza kuwa mbali na uwezo wa mkulima kama ile yenye ada.

Swali la pili linahusu muda na masharti. Je, ufadhili ni wa kozi nzima au wa mwaka wa kwanza pekee? Je, unakoma wastani wa alama ukishuka chini ya kiwango fulani, au mwanafunzi akibadili kozi? Je, kuna wajibu wa kurejea nchini? Mnufaika wa Chevening, kwa mfano, hutakiwa kurudi kwao kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Sharti la aina hii si baya. Ubaya ni kulifahamu baada ya kutia saini.

Kujua kila programu inamlenga nani hulinda pia dhidi ya matapeli. Chevening inahitaji mwombaji awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi. Anayemwahidi mhitimu wa kidato cha sita nafasi ya Chevening kwa "ada ya fomu" amejifichua mwenyewe, kwa kuwa kuomba Chevening ni bure. Vivyo hivyo Fulbright ya Marekani na ufadhili wa serikali ya Japani haviuzi fomu za maombi. Gharama halali zipo, kama vile hati ya kusafiria na mtihani wa lugha, lakini hizo hulipwa kwa taasisi inayotoa huduma na kwa stakabadhi yake. Kiasi kinachotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ili "kuharakisha jina" si gharama ya maombi.

Kabla ya kulipa chochote, familia iwasiliane na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tume hiyo huwatambua mawakala wa vyuo vya nje, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma ng'ambo, na ndiyo itakayotathmini shahada mhitimu atakaporejea. Chuo kisichotambulika katika nchi yake hakistahili hata kukokotolewa gharama. Barua ya ufadhili ithibitishwe pia kwa chuo chenyewe, kupitia anwani iliyopatikana kwenye tovuti rasmi ya chuo, siyo ile aliyoiandika wakala.

Mlaji anayeona amepotoshwa na tangazo ahifadhi kila kitu: tangazo lenyewe, mkataba, stakabadhi, jumbe za simu na kumbukumbu za miamala. Malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani. Fedha zikiwa zimechukuliwa kwa udanganyifu, taarifa itolewe Polisi mapema, na kampuni ya simu au benki ijulishwe siku hiyohiyo, kabla fedha hazijatolewa.