SOMO: TUCHEZE NA MTOTO TULIYEMPOKEA

Mafungu ya kusoma: Kutoka 2:1-10, Esta 2:7, Zekaria 8:5



Hapa Kailo, tangu vita ya 1996 na ile ya 1998, nyumba nyingi zimepokea watoto wasiozaliwa humo: yatima wa ndugu, wa jirani, na wale ambao wazazi wao walienda kwenye machimbo ya kasiterite wasirudi. Musa alilelewa na binti ya Farao, Esta na Mordekai. Kupokea mtoto ni kazi ya Mungu.

Lakini chakula na mkeka havitoshi. Mtoto aliyeona kifo huogopa kupenda tena. Ananyamaza, anakojoa kitandani, anaficha chakula. Hapo wengine wanasema: huyu ni mchawi, apelekwe kwa nabii. Tusifanye dhambi hiyo! Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa kifungo. Huzuni si pepo.

Tufanye nini basi? Tucheze naye. Huko Marekani, Virginia Axline aliandika mwaka 1947 juu ya kuponya watoto kwa mchezo. Mwaka 1964 Bernard Guerney alieleza namna ya kuwafundisha wazazi wenyewe kazi hiyo. Katika mchezo mtoto huonyesha yale ambayo mdomo umeshindwa kusema.

1. Tumpe nusu saa kila juma, siku ile ile. Ajue ni yake.

2. Yeye aongoze: udongo, mpira wa majani ya ndizi, gari la waya, kupiga makofi. Akimzika mtu wake wa udongo, tusimkemee. Tukae karibu, tuseme: «Naona umemzika.»

3. Akikosa, tumrudi kwa upole, lakini tusimnyime nusu saa yake.

4. Baba naye acheze. Na watoto wa kuzaa wapate saa yao, wivu usiingie.

Matunda hayaji siku moja. Siku atakapokuita mwenyewe mcheze, ujue ameanza kukuamini. Zekaria, akionyeshwa mji ambao Mungu ameurudia, aliona watoto wakicheza njiani. Mchezo wao ni alama ya amani.

Maulizo ya kujibu nyumbani:
– Ni nani kwetu asiyecheza?
– Ni siku gani tutampa?

Mungu awabariki.