Skrini ya Kugusa kwenye Raspberry Pi: Vidokezo 9 vya Kukutoa Kwenye Giza

Unataka duka lako liwe na kikokotoo cha mauzo kinachokaa mezani bila kujaza nafasi? Ubao wa saa za swala msikitini? Kidhibiti cha taa sebuleni ambacho hata bibi anakigusa tu na mambo yanaenda? Raspberry Pi na skrini ya kugusa vinatosha kabisa. Kompyuta hii ndogo ya Linux inauzwa tangu mwaka 2012, na maswali yake mengi yameshajibiwa. Kabla hujafungua boksi, shika jambo moja: picha na mguso ni njia mbili tofauti. Skrini inaweza kuwaka vizuri huku kidole hakisikiki, na kinyume chake. Ukilijua hilo, nusu ya hofu imeisha. Haya, tuingie kazini!

1. Kazi kwanza, inchi baadaye

Usinunue skrini kwa sababu ni ya bei poa. Jiulize itafanya kazi gani. Skrini ya inchi 3.5 inayokaa moja kwa moja juu ya pini za bodi inafaa kuonyesha joto la jokofu au namba za mauzo, lakini ukiifungulia video itakukatakata, kwa sababu picha hupita kwenye njia finyu inayoitwa SPI. Nyingi za aina hii pia zinataka ubonyeze kwa kucha au kijiti, siyo kupapasa kama simu. Kwa kazi ya kila siku chukua ya inchi 7. Ile rasmi ya Raspberry Pi ya mwaka 2015 ina pikseli 800 kwa 480 na inasikia vidole 10 kwa wakati mmoja. Touch Display 2, iliyotoka mwishoni mwa 2024, ina pikseli 720 kwa 1280, na kwa asili yake imesimama wima. Hiyo ya wima ni tamu sana kwa orodha na menyu za mgahawa.

2. Zima. Kabisa. Chomoa na chaja.

Ndiyo, hata kama una haraka. Kebo bapa inayounganisha bodi na skrini haitaki kuchomekwa umeme ukiwa unapita. Sekunde chache za kuzima zinakuokolea bodi nzima. Gusa pia chuma kilichofika ardhini kabla ya kushika saketi, hasa ukiwa umekaa kwenye zulia.

3. Heshimu komeo dogo

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo tulia kidogo. Mdomo wa kebo bapa una komeo la plastiki, jembamba kama ukucha. Livute kwa upole kwa ncha za vidole, pande zote mbili kwa pamoja, likisogea milimita moja au mbili basi. Usiling'oe! Ingiza kebo iliyonyooka mpaka ifike mwisho, kisha sukuma komeo lirudi mahali pake. Sasa chungulia: ule mstari wa shaba au fedha unatakiwa ulale sambamba na mdomo. Ukiona upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, fungua uanze upya. Na zile alama zinazong'aa kwenye kebo ziangalie upande wenye meno ndani ya mdomo. Tumia tochi ya simu, utayaona.

Kwenye Pi 4 kuna midomo miwili inayofanana kama pacha. Mmoja umeandikwa DISPLAY, mwingine CAMERA. Unautaka ule wa kwanza. Kwenye Pi 5 midomo yote miwili inakubali skrini au kamera, ila ni midogo zaidi: ina pini 22 badala ya 15. Kama una skrini ya zamani na Pi 5, ulizia dukani kebo ya pini 15 kwenda 22 iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini. Ya kamera inafanana nayo kwa sura, lakini haikufai. Na wewe mwenye Pi Zero, bodi yako haina mdomo wa skrini hata mmoja, kwa hiyo safari yako inapitia HDMI.

4. HDMI ni picha tu. Mguso unapitia USB!

Umenunua skrini ya HDMI, picha imetokea, umegusa, kimya. Usikate tamaa wala usirudishe mzigo dukani. Skrini hizi zinahitaji waya wa pili, wa USB, na waya huo ndio unaobeba mguso. Mtego uko hapa: baadhi ya nyaya za kuchajia simu zina umeme tu ndani yake, hazipitishi data. Skrini inawaka, kidole hakifiki popote. Fungua terminali uandike `lsusb`, kisha chomoa waya huo wa USB, uandike tena. Orodha ikipungua mstari mmoja, waya ni mzima. Isipobadilika, tafuta waya mwingine kabla hujalaumu skrini. Ukienda kununua, kumbuka pia kwamba Pi 4 na Pi 5 zinatumia HDMI ya umbo dogo kabisa, si ile ya televisheni.

5. Chaja ya simu siyo chaja ya kazi hii

Ningepewa nafasi ya kusema kidokezo kimoja tu kwa sauti kubwa, ningesema hiki. Skrini inakula umeme, na bodi inakula umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5 ili ifanye kazi kwa uhuru, na ukiipa chaja ndogo inapunguza umeme inaougawa kwenye matundu ya USB, yaani palepale ulipochomeka mguso wako. Dalili ni skrini kupepesa, mguso kupotea ghafla, au alama ya radi kuchomoza pembeni. Pima kwa amri hii: `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, raha mustarehe. Likiwa `0x50000`, umeme uliwahi kushuka tangu ulipowasha, na dawa yake ni chaja nzuri yenye waya mfupi na mnene.

Skrini rasmi za inchi 7 hupata umeme kwenye pini za bodi. Volti 5 iko pini ya 2 au ya 4, na ardhi iko pini ya 6. Hesabu kwa kidole, hesabu tena, ndipo uwashe. Nyaya hizi zikigeuzwa, bodi inaweza kuungua.

6. Iache ijitambulishe yenyewe

Habari njema kwa mwenye shughuli nyingi: skrini rasmi kwenye mfumo mpya haihitaji usakinishe chochote. Kwenye faili la `/boot/firmware/config.txt` kuna mstari `display_auto_detect=1`, na huo unamaliza kazi. Zingatia njia ya faili hilo. Maelekezo mengi ya zamani yanakupeleka `/boot/config.txt`, ambako lilikuwa likikaa kabla ya toleo la mfumo liitwalo Bookworm, la mwaka 2023. Ukihariri mahali pa zamani utashangaa mbona hakuna kinachobadilika.

Skrini ndogo za SPI ni habari nyingine. Muuzaji mara nyingi anakupa skripti inayobadilisha faili za mfumo bila kukuuliza. Iendeshe kwenye memori kadi mpya au iliyonakiliwa, siyo ile yenye hesabu zako za mwaka mzima.

7. Picha imegeuka, kidole kimebaki kulekule?

Umeipachika skrini ukutani juu chini ili waya utokee upande mzuri. Umegeuza picha, lakini ukigusa kushoto kinafunguka cha kulia. Tulisema mwanzoni, njia mbili! Kwenye kompyuta yenye dirisha na menyu, geuza kupitia mpangilio wa skrini, na mguso wa skrini rasmi utafuata wenyewe. Ukiwa na skrini zaidi ya moja, bonyeza mchoro wa skrini palepale kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kifaa cha mguso kinachoihusu.

Kama mfumo wako hauna menyu, na skrini ni ile ya 2015, futa mstari wa kujitambulisha tuliousema juu, uweke huu: `dtoverlay=vc4-kms-dsi-7inch,invx,invy`. Huo unageuza mguso nyuzi 180. Chagua njia moja kati ya hizi mbili. Ukizitumia zote kwa pamoja, moja inafuta kazi ya nyingine na utarudi palepale.

8. Ifanye ifungue kazi moja tu

Mteja akigusa skrini ya dukani hapaswi kuona mafaili yako. Anzisha kivinjari cha Chromium kwa `--kiosk` na anwani ya ukurasa wako, kinajaza skrini nzima bila vitufe vya juu. Kwenye mfumo wa sasa, andika amri hiyo ndani ya `~/.config/labwc/autostart` na itaanza yenyewe kila ukiwasha. Unahitaji kuandika maneno? Kibodi ya Squeekboard inatokea juu ya skrini unapogusa nafasi ya maandishi. Vitufe vya ukurasa wako vifanye vikubwa, vya upana wa kidole gumba, na uache nafasi kati yao. Watu wazima watakushukuru.

Mwanga mkali usiku unachosha macho. Soma kiwango cha juu kwenye faili la `max_brightness` lililo chini ya `/sys/class/backlight`, kisha andika namba ndogo zaidi kwenye `brightness` iliyo jirani yake. Vipimo vya skrini ya zamani na mpya havifanani, kwa hiyo soma kwanza.

9. Jiandae na umeme kukatika

Umeme unapokatika bodi ikiwa inaandika kwenye kadi, mfumo unaweza kuharibika, na asubuhi unapokewa na skrini nyeusi. Weka kitufe cha kuzima ndani ya ukurasa wako ili mfanyakazi yeyote azime kwa utaratibu jioni. Kisha fungua `sudo raspi-config`, ingia sehemu ya Performance, uwashe Overlay File System. Kuanzia hapo mfumo hauandiki kwenye kadi, kila badiliko linakaa kwenye memori ya muda (RAM) na kufutika ukizima. Mauzo ya siku, basi, yapeleke kwenye seva au flashi ya USB. Na siku ukitaka kusasisha programu, zima ulinzi huo, fanya kazi yako, uuwashe tena kabla ya kufunga kasha.